Mboga Isikatwe: Maswali ya Kulisha Familia Kubwa kwa Fedha Kidogo

Katika kaya nyingi za mijini Tanzania fedha ya chakula huingia kwa siku. Dereva wa bodaboda anaileta usiku, mama lishe anarudi nayo jioni, fundi analipwa akimaliza kazi. Nyumbani kuna watoto wa kuzaa, watoto wa ndugu, bibi, na pengine shemeji aliyekuja mjini kutafuta kazi. Majibu yaliyo hapa chini yamelenga kaya ya watu kumi, isiyo na friji wala shamba.

Watu kumi wanahitaji chakula kiasi gani kwa siku?

Anza kwa kuhesabu watu, maana wengi hupika kwa mazoea ya sufuria. Kipimo kilichozoeleka nchini katika kukokotoa umaskini wa chakula ni kalori 2,200 kwa mtu mzima kwa siku. Mtoto mdogo anahitaji kama nusu ya hizo. Kijana wa sekondari mhesabu kama mtu mzima, kwa sababu bado anakua. Kaya yenye watu wazima wanne, vijana wawili na watoto wadogo wanne ni sawa na watu wazima wanane, yaani kalori 17,600.

Kilo moja ya unga wa mahindi au mchele ina kalori kama 3,600. Kilo ya maharage makavu ina 3,300 hivi, robo lita ya mafuta ya kula kama 2,000, robo kilo ya dagaa wakavu kama 800. Chukua kilo tatu za nafaka, kilo moja ya maharage, hayo mafuta, hao dagaa na gramu 150 za sukari ya chai: jumla ni karibu 17,500, na hapo mboga za majani na matunda bado hazijahesabiwa. Ipigie hesabu hiyo kwa bei za soko lako. Kwa wengi jumla itazidi fedha iliyopo mkononi, ndipo linapokuja swali zito kuliko yote.

Fedha haitoshi. Nikate wapi?

Kinachokatwa kwanza majumbani ni mboga. Unga hauguswi na mtu, lakini maharage yanaongezwa maji mpaka yanakuwa mchuzi mtupu, na fungu moja la mchicha linatembezwa kwenye sahani kumi. Watoto wanalala wameshiba. Jambo hili ndilo lenye madhara makubwa kuliko yote yanayotokea jikoni kwetu, na kwa kuwa hakuna anayelia njaa, halionekani.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta kwamba asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano Tanzania wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko umri wao unavyotaka. Mikoa iliyoongoza ilikuwa Iringa, Njombe na Rukwa, ambako karibu nusu ya watoto, na Iringa zaidi ya nusu, wamedumaa. Hiyo ndiyo mikoa inayopeleka mahindi na viazi kwenye masoko ya nchi nzima. Udumavu una sababu nyingine pia, kama kuharisha kwa mara kwa mara na mama kukosa muda wa kumlisha mtoto kwa sababu ya kazi za shamba, lakini ghala lililojaa mahindi halijawahi kumrefusha mtoto peke yake.

Kwa hiyo kata nyama kabla ya kukata maharage. Gramu 100 za maharage makavu zina protini kama gramu 22. Gramu 100 za nyama mbichi ya ng'ombe zina kama 20, na buchani unapimiwa pamoja na mfupa. Katika masoko mengi kilo ya nyama inauzwa mara tatu ya kilo ya maharage au zaidi. Nyama ina sifa zake: madini yake ya chuma yanafyonzwa kwa urahisi, na ina vitamini B12 ambayo maharage hayana kabisa. Dagaa wanajaza pengo hilo kwa kiasi kikubwa. Zaidi ya nusu ya uzito wa dagaa wakavu ni protini, na kwa kuwa wanaliwa na mifupa yao, wanaleta kalisi ambayo kipande cha nyama hakina. Wanaokata vichwa na kuvitupa wanatupa sehemu ya walicholipia. Dagaa wa Mwanza wakiwa na mchanga, waoshe kwa maji ya vuguvugu mara kadhaa. Waliokaushwa kwenye vichanja huwa safi zaidi, na mara nyingi inafaa kuongeza kidogo kupata hao.

Usishikilie maharage peke yake. Choroko, kunde, mbaazi, dengu na njugu mawe zote ni za kundi hilo, na bei zake hupanda na kushuka kwa nyakati tofauti. Choroko huiva upesi, jambo ambalo mkaa ukipanda bei ni sawa na punguzo. Jamii ya kunde pia hupatana na nafaka: protini ya mahindi ina upungufu wa kitu ambacho maharage yanacho, na maharage yana upungufu wa kitu ambacho mahindi yanacho. Ndiyo maana makande ni mlo mzuri sana, ingawa wapo wanaoona haya kumwekea mgeni.

Kata sukari. Kaya ya watu kumi inayokunywa chai mara mbili inaweza kumaliza nusu kilo kwa siku bila mtu kushtuka. Kata soda, na maandazi ya kununua kila asubuhi. Viazi vitamu au mihogo ya kuchemsha vitawafikisha watoto shuleni vizuri zaidi. Chai yenyewe, hasa iliyokolea majani, inazuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyo kwenye maharage na mboga, basi inywewe saa moja au mbili mbali na mlo. Limao au ndimu ikikamuliwa kwenye mboga hufanya kinyume chake, na ukwaju na embe bichi vinasaidia pia. Kwa mwanamke mjamzito na msichana aliyevunja ungo hili lina uzito mkubwa.

Mafuta usiyakate yote. Vitamini A iliyo kwenye mchicha, matembele na majani ya maboga inahitaji mafuta kidogo ili mwili uipokee. Mboga iliyochemshwa chukuchuku na kumwagwa maji yake imepoteza vingi. Chemsha kwa maji machache na muda mfupi, kisha unga kwa kijiko cha mafuta au karanga zilizosagwa.

Kwa nini fedha inaisha hata nikinunua vitu vidogo vidogo?

Kwa sababu vitu vidogo vidogo ndivyo ghali. Tuseme dukani kwa Mangi unapimiwa mililita 50 za mafuta kwa shilingi 500. Lita moja ina vipimo 20 vya namna hiyo, kwa hiyo lita yako umeinunua kwa shilingi 10,000. Kama lita nzima inauzwa 7,000, umelipa 3,000 zaidi, fedha ambayo ingenunua mboga. Hesabu hii ifanye kwa kila unachonunua kila siku: sukari, unga wa robo robo, nyanya za mafungu.

Ni rahisi kumwambia mtu wa kipato cha siku anunue kwa jumla. Fedha ya jumla ataitoa wapi? Anza na kitu kimoja. Chagua ambacho hakiharibiki na ambacho tofauti ya bei yake ni kubwa, kwa kawaida maharage au mafuta. Weka kando kiasi kidogo kila siku hadi kitimie cha kununua kilo tano au lita tatu. Kile unachookoa wiki zinazofuata ndicho mtaji wa kitu cha pili.

Njia nyingine tayari ipo mitaani. Kina mama wanaocheza mchezo na kumpa kijumbe fedha kila wiki wanaweza kukubaliana kwamba zamu moja kwa mwezi ni ya chakula: gunia la maharage linunuliwe soko la nafaka, kwa mfano Tandale kwa wakazi wa Dar es Salaam, ligawanywe kwa mizani siku hiyo hiyo, nauli ya mzigo igawanywe nayo. Wawili waende pamoja sokoni. Nunueni kwa kilo badala ya kwa debe au kisado, maana chombo kinaweza kubonyezwa au kuwekwa kitako cha uongo, na mkiona mizani mna mashaka nayo, Wakala wa Vipimo ndio wanaohusika.

Majira nayo yana bei zake. Mahindi ya nyanda za juu kusini huvunwa katikati ya mwaka, na bei huwa chini katika miezi ya mavuno kisha hupanda kuelekea mwisho wa mwaka na miezi ya kwanza ya mwaka unaofuata. Mwenye nafasi kavu na mifuko ya kinga njaa, ile yenye tabaka za plastiki zisizopitisha hewa, anaweza kuhifadhi gunia miezi mingi bila dawa ya wadudu.

Dona au sembe?

Dona. Mahindi yakikobolewa, karibu robo ya uzito hutoka kama pumba na kiini, pamoja na sehemu kubwa ya vitamini B, mafuta na nyuzi. Ukinunua mahindi na kusaga mwenyewe mashineni, debe la mahindi lililosagwa dona linalisha siku nyingi kuliko lililokobolewa kwa sembe. Dona huchacha mapema kwa sababu ya mafuta ya kiini, kwa hiyo saga ya wiki moja au mbili. Kama watoto wanaikataa, changanya nusu kwa nusu na uongeze dona taratibu. Unapolazimika kununua sembe ya pakiti, tafuta iliyoongezwa virutubishi, na chumvi iwe daima yenye madini joto.

Mkaa unakula fedha kuliko maharage. Nifanyeje?

Loweka. Maharage yaliyolala kwenye maji usiku kucha huiva kwa muda mfupi zaidi, na ukimwaga maji yale tumbo nalo litapata nafuu ya gesi. Makande bila kuloweka ni kuchoma mkaa bure. Magadi yanaharakisha, lakini yanaharibu vitamini B1, na kwa kaya ambayo maharage ndiyo nguzo ya mlo hilo ni hasara.

Ipo pia njia ya kapu. Chemsha maharage yaliyolowekwa kwa moto mkali, yatokote kwa nusu saa, kisha epua sufuria ikiwa imefunikwa na uiweke kwenye kapu lililojazwa nguo kuukuu, mabaki ya sponji au majani makavu, na juu uifunike kwa blanketi. Yataendelea kuiva yenyewe kwa saa kadhaa bila moto, kisha unayarudisha jikoni kwa muda mfupi. Hiyo nusu saa ya kutokota isirukwe, hasa kwa maharage mekundu, kwa sababu yana sumu ya asili inayovunjwa na mchemko mkali tu. Yakipikwa kwa joto hafifu tangu mwanzo yanaleta kutapika na kuharisha.

Mwenye umeme nyumbani alifikirie jiko la presha la umeme. Bei yake ni kubwa kwa mara moja, lakini maharage yanaiva kwa umeme mdogo kuliko watu wanavyodhani, na kikundi cha mchezo kinaweza kununuliana kwa zamu.

Tunakula sinia moja. Kuna ubaya?

Sinia linafundisha watoto kukaa pamoja na kusubiriana, na hakuna sababu ya kuliondoa. Ila mtoto wa miaka miwili hawezi kushindana na mkono wa kijana wa miaka kumi na mitano. Anachelewa, anachezea tonge, na akigeuka dagaa wamekwisha. Mtoto wa chini ya miaka mitano apakuliwe sahani yake, na mtu mmoja amsimamie mpaka amalize. Kwa njia hiyo mama anajua kila mlo mtoto amekula kiasi gani.

Tumbo la mtoto mdogo ni dogo pia. Hawezi kula mara mbili kwa siku kama baba. Anahitaji milo mitatu na kitu katikati: kiazi, ndizi mbivu, parachichi, kikombe cha uji. Mlo wa saa tisa unaounganisha mchana na jioni, ambao kaya nyingi huutumia fedha inapobana, watu wazima wanaweza kuuvumilia. Mwekee mdogo akiba ya asubuhi na ya usiku.

Na vinono vinaenda kwa nani? Mahali pengi kipande kikubwa ni cha baba, kisha wageni, kisha wavulana. Anayejenga mwili wa mtoto tumboni au anayenyonyesha anahitaji zaidi kuliko mwanamume aliyekaa dukani, na hili liongelewe waziwazi nyumbani, baba mwenyewe akiwapo. Wanaume wengi wakielezwa wanaelewa. Tatizo ni kwamba elimu ya lishe hutolewa kliniki, na kliniki wanakwenda wanawake.

Uji wa mtoto uchanganywe nafaka ngapi?

Moja inatosha. Mahindi, mchele, mtama, ulezi na ngano ni kundi lile lile, na kuzichanganya zote hakumpi mtoto kundi jipya la chakula. Kunaongeza gharama, na mtoto akiharisha hujui kilichomdhuru. Chukua nafaka moja, ulezi kwa mfano, upike uji, kisha uboreshe kwa karanga zilizosagwa, maziwa ukiyapata, au unga wa dagaa waliokaushwa vizuri. Soya isiyokaangwa au kuchemshwa sawasawa inazuia protini isimeng'enywe, kwa hiyo kama huna uhakika na maandalizi yake, iache.

Kosa kubwa ni uji mwepesi. Uji unaotiririka kama maji unajaza tumbo kwa maji. Uwe mzito wa kushika kijiko. Mtoto akishindwa kuumeza, kuna ufundi wa zamani ambao Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania iliwahi kuuhimiza: kimea. Ulezi au mtama ulioloweshwa, ukachipua, ukakaushwa na kusagwa, kijiko chake kimoja kikikorogwa kwenye uji mzito wa vuguvugu huulainisha bila kuongeza maji. Uchemshwe tena kidogo kisha upoe.

Kabla ya miezi sita mtoto hahitaji uji wala maji, maziwa ya mama tu. Baada ya hapo chakula kinaanza, na kunyonya kunaendelea hadi miaka miwili au zaidi.

Chakula cha bei ya kutupa ni salama?

Nyanya zilizopondeka, ndizi zilizoiva mno na samaki wa jioni sokoni, kama Feri ya Dar es Salaam, vinaweza kuwa bahati, ukivipika siku hiyo. Mahindi na karanga zenye ukungu, hapana, hata kama ni bure. Ukungu huo hutoa sumukuvu, na kuosha, kukaanga au kuchemsha hakuiondoi. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kenya mwaka 2004, hasa Makueni na Kitui, iliua watu 125. Chagua karanga moja moja, na zilizosinyaa au kubadilika rangi zitupwe. Kuku nao wasipewe.

Mihogo mitamu imenye na uichemshe. Michungu inahitaji kuvundikwa au kulowekwa siku kadhaa na kukaushwa kabisa kabla ya kusagwa, na wakati wa njaa ndipo watu hufupisha hatua hizo. Mwaka 1985, wakati wa ukame wilayani Tarime, watu walipooza miguu kwa ugonjwa wa konzo unaotokana na muhogo mchungu usioandaliwa vizuri, unapoliwa karibu peke yake bila protini. Kisamvu kitwangwe na kuchemshwa kwa muda mrefu, sufuria ikiwa wazi.

Kiporo cha ugali hakina shida sana. Cha wali kina shida, zaidi ukiwa wa nazi: ukikaa saa nyingi kwenye joto vimelea hutengeneza sumu isiyokufa hata ukipashwa moto. Pika wali wa kuisha. Maharage ya mchana yanayoliwa jioni yachemshwe upya hadi yatokote, na nazi iwekwe kwenye sehemu inayoliwa wakati huo tu.

Sina hata kiwanja. Bustani nitaiweka wapi?

Kiroba chenye udongo na samadi, kilichotobolewa pembeni, kinabeba miche mingi. Matembele hayahitaji mbegu. Omba vipande vya shina kwa jirani. Mchicha huanza kuvunwa ndani ya mwezi mmoja. Mwagilia kwa maji ya kuoshea mchele na mboga. Viroba vinne havitalisha watu kumi kila siku, ila siku ambayo genge limepandisha bei utakuwa na pa kuanzia.

Nitajuaje kwamba mtoto hapati chakula cha kutosha?

Usisubiri akonde. Mpeleke kliniki kila mwezi apimwe uzito, na urefu pia uombe upimwe, kwa sababu udumavu hauonekani kwenye mizani. Huduma kwa watoto wa chini ya miaka mitano katika vituo vya serikali kwa sera ni bure, na mjamzito anapaswa kupewa vidonge vya madini chuma na foliki bila malipo. Kaya isiyo na kipato cha uhakika iulize ofisi ya serikali ya mtaa kuhusu Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini wa TASAF.

Kati ya miezi sita na miaka mitano, mzunguko wa mkono wa juu hupimwa kwa utepe wa rangi. Chini ya sentimita 12.5 ni njano: mtoto ana utapiamlo wa kadiri na anahitaji ufuatiliaji na nyongeza ya mlo. Chini ya 11.5 ni nyekundu, na huyo anahitaji matibabu ya chakula dawa. Miguu ikivimba na alama ya kidole ikibaki ukibonyeza, huo ni unyafuzi hata kama mkono unaonekana mnene, hasa kwa mtoto anayekula ugali kwa wingi na mboga kidogo. Mwahishe kituo cha afya siku hiyo hiyo.